Nyuki Waliambiwa Kwanza

Hinterau, Msitu Mweusi
11 Januari 1874

Dada Dorette,

Kifurushi hiki kina sura ya tano na ya sita. Kurasa zimelowa pembeni kwa sababu Mama Zipfel, mwenye nyumba, alizisogeza kando ya ndoo ya theluji akidhani ni karatasi za kuwashia jiko. Nilimfokea. Akanijibu kwamba kama ni mambo ya maana ningeyaandika yakasomeka. Basi hivyo ndivyo ninavyoheshimiwa huku.

Nakili haraka, tafadhali. Mpiga chapa wa Leipzig anataka kitabu kizima kabla ya tarehe ishirini na tano Machi, la sivyo kitakosa maonyesho ya vitabu ya Pasaka, na mwandiko wangu hakuna anayeusoma duniani isipokuwa wewe. Vyuo vikuu viwili vimeninyima kiti cha uprofesa. Kama *Mtu Peke Yake* hakitatoka mwaka huu, hicho cha tatu hakitaniuliza hata jina. Nina miaka thelathini na minane na bado ninaishi kwa watu, na sanduku langu chini ya kitanda.

Sina utulivu kabisa. Natembea chumbani tangu alfajiri, hatua saba kwenda, saba kurudi, na ubao wa nne unalia. Nadhani nitahamia chumba cha juu.

Jambo moja nakuomba kwa msisitizo: habari za nyumbani usiniandikie, ila nyumba ikiungua. Barua yako ya mwisho ilijaa kikohozi cha Mama, nami nikapoteza siku tatu nzima. Kujenga hoja ni kama kupanga mayai, mtu akikohoa tu yote yako chini. Nikimaliza utaniambia yote kwa pamoja.

Ndugu yako,
Alwin Brockhoff


Ellernbrook
19 Januari 1874

Mdogo wangu,

Nyumba haijaungua. Haya, nimekutii, sasa acha nikuandikie yasiyo ya lazima.

Mama hajatoka kitandani tangu Sikukuu ya Mamajusi. Safari hii si kile kikohozi tulichokizoea. Daktari anakuja Jumanne na Ijumaa, anamsikiliza kifua, halafu anaangalia dirishani kana kwamba kuna mtu anamwita nje. Macho ya Mama hayaoni tena hata nambari za saa ya ukutani, lakini masikio mazima. Tarishi wa posta akikanyaga tu jiwe la mlangoni, utamsikia: "Alwin kasemaje?" Mimi nasema, kasema karatasi zimelowa. Yeye anasema, "Na kwangu je?"

Kwake hukusema kitu, Alwin. Tangu Novemba. Andika mstari mmoja, mmoja tu, nitausoma mara kumi.

Sura ya tano nimeimaliza. Unasema humo kwamba mtu huru hamtegemei yeyote, wala hakuna anayemtegemea. Nimeinakili kwa herufi nzuri, halafu nikaenda kukufungia soksi. Zimo kwenye kifurushi hiki, jozi nne, na keki ya asali ambayo Mama alisimamia kutoka kitandani kwa kupiga kelele. Usimpe Mama Zipfel yote.

Nyuki wako kimya kwenye mizinga yao ya vikapu, wanalala vizuri. Mzee Harm anakuja kuwatazama kila Jumapili baada ya ibada.

Dada yako,
Dorette


Hinterau
27 Januari 1874

Dada,

Asante kwa soksi. Keki imefika vipande, nimeila kwa kijiko.

Nakutumia sura ya saba, "Juu ya Huruma". Hii ndiyo moyo wa kitabu. Zilizotangulia zilikuwa ngazi tu. Nakudokezea mapema, kwa kuwa najua utanuna ukiinakili. Anayenihurumia ameshaniona mdogo kuliko yeye. Huruma ni utawala uliovaa aproni. Na iliyo mbaya kupita zote ni ile inayomficha mtu ukweli "kwa ajili yake": hiyo ni wizi, kwa maana mtu hana mali nyingine ila yale anayoyajua. Mimi niletee ukweli mtupu, uweke mezani, hata kama ni kisu. Nimeandika hivyo ukurasa wa tatu na ninaamini kila neno.

Kuhusu Mama: amekohoa kila Januari tangu nikiwa mtoto wa kaptula. Daktari wenu anaangalia dirishani kwa sababu hana kazi nyingine. Mwambie lolote, wewe unayajua maneno anayoyapenda. Mimi maneno ya namna hiyo sina, yote nimeyamalizia kitabuni. Nikiandika mstari kwa Mama sasa, nitaandika kurasa ishirini na kuzichana, nami sina hizo siku.

Nimehamia chumba cha juu. Upepo unapita kwenye kila ufa. Nafikiri nitarudi cha chini.

Alwin


Ellernbrook
17 Februari 1874

Kwa Mzee Harm Lührs, Heitbrack

Mzee Harm,

Mama amefariki leo saa nne asubuhi. Hakuteseka mwishoni.

Nakuomba uje leo hii kwa ajili ya nyuki. Unajua ni lazima waambiwe msiba kabla jua halijatua, na unajua kazi hiyo sasa ni ya mwana wa kiume, naye hayupo. Namtuma mtumishi kwako na barua hii pamoja na ufunguo mkubwa wa mlango wa mbele, maana mimi siwezi kumwacha Mama peke yake na wanawake wanaomwosha. Gonga vikapu wewe. Useme vile Mama alivyosema baba alipokufa. Vitambaa vyeusi nimeviweka juu ya ukuta wa bustani, kumi na viwili, kimoja kwa kila kikapu.

Alwin nitamwandikia mwenyewe.

Dorette Brockhoff


Ellernbrook
22 Februari 1874

Alwin,

Nimefika katikati ya sura ya saba. Naenda polepole, mkono umekuwa mzito.

Uliomba nisikuandikie ya nyumbani, na siandiki. Mama hakohoi tena. Maliza kitabu chako.

D.


Hinterau
28 Februari 1874

Dada,

Nilikuambia! Kila mwaka ni hivyo hivyo: Januari mnanipigia kengele ya mazishi, Februari kikohozi kimekwisha. Mpe Mama salamu, mwambie nimefurahi, na kwamba keki ilikuwa tamu.

Sura ya nane inakwenda kama maji. Naandika kurasa kumi kwa siku, nimesimama, kwa kuwa nikiketi miguu inawasha. Lakini mbona sura ya saba bado? Hatujabakiwa hata na wiki nne. Acha kupika, acha kufagia, nakili!

Alwin wako mwenye furaha, jambo ambalo si la kila siku


Heitbrack
14 Machi 1874

Bwana Daktari Alwin,

Mimi si mtu wa kalamu, utanisamehe. Nilikubeba mabegani ukiwa na miaka minne, kwa hiyo nadhani ninayo ruhusa.

Kwanza pole kwa msiba wa mama yako. Tulimzika vizuri. Ardhi ilikuwa imeganda hata ikabidi tuwashe moto juu yake kutwa nzima ndipo jembe likaingia. Watu waliuliza kulikoni hukuja. Nikasema theluji imefunga reli. Najua haikufunga, lakini jirani ni jirani.

Sasa lililonifanya niandike. Nyuki hawana amani. Siku ileile niligonga kila kikapu mara tatu kwa ufunguo wa nyumba, nikasema, "Nyuki, bibi yenu amekufa." Hapo sawa. Lakini baada ya hapo inabidi wasikie bwana wao mpya ni nani, naye aseme mwenyewe, na mimi nikakwama. Nikasema, "Mwanawe atakuja." Wakatulia siku kumi. Siku ya kumi na moja wakaanza kuvuma, na bado ni baridi, si wakati wao wa kuvuma. Vikapu viwili vimeshakufa. Kumi vilivyobaki ukiweka sikio utasikia kama watu wanaogombana chumba cha pili. Nyuki hawapendi kudanganywa, Bwana Alwin. Nina miaka sitini nao.

Najua umesoma na utanicheka. Cheka, halafu uje. Kama huwezi, niandikie maneno hayo kwa mkono wako nikawasomee, ijapokuwa Dorette anasema mwandiko wako hata nyuki wataukimbia.

Dorette amekonda. Yeye hatakwambia.

Kwa heshima,
Harm Lührs, mfuga nyuki


Hinterau
18 Machi 1874

Dorette,

Nimepata barua ya Harm Lührs. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, na Mama Zipfel akanishika kiwiko.

Nyuki! Nyuki waliambiwa siku ileile, kabla jua halijatua, mmoja mmoja, kwa adabu, kwa ufunguo wa nyumba! Na mimi, mtoto wake wa kiume, nikaandikiwa "Mama hakohoi tena". Uliketi na kuitafuta sentensi hiyo, sivyo? Ulihakikisha kwamba hakuna neno la uongo ndani yake. Sikujua kama ninaye mwanafalsafa mwingine katika ukoo.

Nimetuma salamu kwa maiti. Nimeandika kwamba nimefurahi. Jina langu liko chini ya barua ile!

Kutoka hapa hadi Ellernbrook ni siku tatu. Ungeniandikia mwanzoni mwa Februari ningemkuta. Umeniibia kifo cha mama yangu, Dorette, na umefanya hivyo kwa kunihurumia, na hicho ndicho kitu nilichokiandika katika sura ileile iliyokuwa mezani kwako. Uliisoma, ukainakili, halafu ukaitenda! Sijui nani alikupa haki hiyo.

Siwezi kukaa. Siwezi kutembea pia.

A.


Ellernbrook
24 Machi 1874

Alwin,

Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu.

Unauliza nani alinipa haki. Wewe. Ninayo hapa barua yako ya tarehe kumi na moja Januari: "habari za nyumbani usiniandikie". Ninayo ya tarehe ishirini na saba: "mwambie lolote". Nimekunakilia miaka kumi na minne, sijawahi kukosea neno lako hata moja, na haya nayo niliyafuata kama yalivyo.

Tena mara ya kwanza sikukuficha. Nilikuandikia daktari anaangalia dirishani. Ulitaka kisu mezani. Kisu kilikuja, wewe ukala keki kwa kijiko.

Baadaye, ndiyo, nilikuficha. Mama ndiye aliyenishika mkono akasema, "Asijue mpaka amalize. Amekataliwa mara mbili, ya tatu itamuua." Ningefanyaje? Ningembishia mtu anayehesabu pumzi? Nilipiga moyo konde nikaandika ile sentensi. Ndiyo, niliitafuta. Ilinichukua asubuhi nzima, na nikalia mpaka wino ukachafuka, nikaanza karatasi nyingine.

Na kuna jingine, bora ulijue lote. Tarishi akija, Mama alikuwa anaita, "Alwin kasemaje kwangu?" Mara ya kwanza nikasema ukweli: hakusema kitu. Akageukia ukutani. Mara ya pili nikafungua sura yako ya sita, nikajifanya nasoma, nikamsomea maneno ambayo hayakuwamo. Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho ulikuwa unamwandikia mama yako kila siku chache, Alwin, na ulikuwa unaandika vizuri sana. Alikufa akijua kwamba unampenda. Ikiwa huo ni wizi, uandike katika sura ya saba kwa jina langu.

Sura hiyo nimeiacha pale unaposema huruma ni utawala uliovaa aproni. Aproni ninayo mwilini ninapoandika haya. Miaka kumi na minne umenitumia maneno yako yote, na hata mara moja hukuniuliza, "Dorette, wewe unaonaje?" Basi sasa naona hivi: sinakili tena. Karatasi ziko mezani. Njoo ujisomee mwenyewe.

Mimi kesho naenda Celle kwa rafiki yangu Elfriede Stünkel, ambaye hafikirii chochote na ninampenda. Ufunguo uko kwa Mzee Harm.

Dorette


Ellernbrook
2 Aprili 1874

Dada Dorette,

Nimefika Jumatatu, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Nimekuta jiko baridi, kitanda cha Mama kimevuliwa mashuka, na shali yake juu ya kiti. Sikuiondoa. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na koti langu na kofia mpaka Harm alipokuja na ufunguo, akasema, "Unaonekana kama mkaguzi wa kodi."

Jumanne niliketi kunakili. Nataka ujue hili, ucheke kama unaweza: siwezi kuusoma mwandiko wangu. Ukurasa wa tatu pekee umenilia saa mbili. Kuna mistari naitazama na sijui kabisa nilikuwa ninafikiri nini. Wewe uliijua. Maonyesho ya Pasaka yamenipita. Nimempelekea mpiga chapa barua kumwambia asinisubiri, na nilipoifunga nilitegemea nitajisikia vibaya zaidi kuliko nilivyojisikia.

Jana nilikwenda kwa nyuki. Niliona aibu, nakiri, daktari wa falsafa na ufunguo mkononi mbele ya vikapu vya majani makavu. Harm alisimama nyuma yangu kama mwalimu wa kwaya. Niligonga cha kwanza mara tatu. Nikasema, "Nyuki, bibi yenu amekufa." Nilipotaka kuendelea sauti ikakatika. Harm akasema, "Kwa nguvu, hawa si wanafunzi wako, hawa wanasikiliza." Nikaanza tena. Dorette, mara kumi, kikapu kwa kikapu, nilisema kwamba mama yangu amekufa na bwana wao sasa ni mimi. Kufikia cha sita nilikuwa ninalia kwa sauti, na Harm akavua kofia akaangalia upande wa kanisa. Nilikuwa nimeandika kurasa mia nne juu ya mtu anayeweza kubeba ukweli. Hakuna mahali nilipoandika kwamba inabidi autamke.

Hawajatulia wote. Kikapu cha mwisho bado kinavuma. Harm anasema kinangoja kuona kama nitakaa.

Sikuombi urudi. Nakuomba kitu kimoja tu. Zile barua nilizomwandikia Mama, ambazo sikuziandika: nilimwambia nini?

Ndugu yako,
Alwin


Celle
9 Aprili 1874

Alwin,

Sikuandika popote, lakini nakumbuka.

Tarehe tatu Februari ulimwambia kwamba keki ilikufanya uone jikoni kwetu, na dirisha lililopasuka uliloligonga kwa mpira ukamsingizia paka. Akasema, "Nilijua! Paka yule alikuwa mzee, angerukaje?"

Tarehe nane ulimwambia kwamba unamsamehe kwa kukulazimisha kuimba kanisani. Akasema hajaomba msamaha.

Tarehe kumi na mbili ulimwambia kwamba unaogopa. Sijui kwa nini nilisoma hivyo, lilinitoka tu. Akasema, "Mwambie na mimi pia."

Asubuhi ya mwisho ulimwambia hivi: "Mama, mwaka huu nyika ikichanua nitavipeleka vikapu vya nyuki kwenye maua mwenyewe, kama baba alivyokuwa akifanya." Akacheka, kicheko kidogo. Akasema, "Ataumwa na nyuki, mjinga yule." Hakusema neno jingine tena.

Ni hayo. Yalikuwa ya uongo yote, na ni yako sasa, ufanye utakavyo.

Dorette


Ellernbrook
20 Agosti 1874

Dada Dorette,

Habari za nyumbani, zote, hata zisizo za lazima:

Bomba la jiko limezibuliwa. Kuku mweusi ametoweka, Harm anamshuku mbweha, mimi namshuku Harm. Shali ya Mama nimeifua kwa maji baridi kama ulivyonielekeza, na imepungua kidogo, nisamehe. Chuo cha tatu kimeandika. Wanasema wamesikia kuna kitabu, kiko wapi? Nimewajibu kwamba hakijaiva.

Sura ya saba sijaitupa. Bado naona nusu yake ni kweli, na usinilazimishe kusema vinginevyo kwa kuwa nimekukosea. Nusu nyingine siijui tena. Nimeinakili upya yote kwa mkono wangu, polepole, herufi moja moja kama mtoto wa shule, ili mtu yeyote aweze kuisoma. Imefungwa pamoja na barua hii. Utaona nimeacha nafasi pana pembeni mwa kila ukurasa. Nafasi hiyo ni yako. Dorette, wewe unaonaje? Andika humo kila unapoona ninasema uongo, na ikijaa nitakutumia karatasi nyingine.

Nyika imechanua tangu wiki iliyopita. Juzi alfajiri tuliweka vikapu kumi juu ya mkokoteni wa Harm, vimefungwa vitambaa midomoni, nami nikatembea kando ya gurudumu maili mbili nikivishika visitikisike. Nilivishusha mwenyewe, kimoja kimoja, pale pale baba alipokuwa akivipanga, penye mawe matatu. Kikapu cha mwisho kilifunguka kitambaa mikononi mwangu.

Nimeumwa mara kumi na moja, nne kati ya hizo usoni. Jicho la kushoto limefumba na ninaandika kwa moja.

Soma hilo kwa sauti, tafadhali, kama ulivyomsomea Mama, kabla hujaanza sura ya saba.

Ndugu yako,
Alwin